Kulishika tone la mvua kwenye milima ya Bukavu

Walimaji wa Kabare, Walungu na Kalehe, ambao mazao yao hulisha masoko ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanalalamika kwamba mvua ya Septemba haiaminiki tena, kwamba inapofika huanguka kwa nguvu mno, na kwamba hukatika siku ambazo maharagwe yanatoa maua. Malalamiko hayo yanapatana na jinsi hewa yenyewe inavyofanya kazi. Mlimaji akiielewa kazi hiyo, ataona kwa nini ushauri wangu wa kwanza hauhusu mbegu mpya wala mbolea ya dukani, bali unahusu kuyazuia maji ya mvua yasiteremke na kutoka shambani.

Jua huipasha ardhi joto, nayo ardhi hulirudisha joto hilo juu kwa miali isiyoonekana kwa macho. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya hewa, huiacha miali hiyo ipite, lakini mvuke wa maji, kabonidayoksaidi na methani huinasa na kurudisha sehemu yake ardhini. Mwanasayansi John Tyndall alilipima jambo hili katika maabara mwaka 1859, na mwaka 1896 mwanasayansi mwingine, Svante Arrhenius, alikokotoa kwamba kabonidayoksaidi ikiongezeka, dunia itapata joto zaidi. Bila gesi hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo zenyewe si adui. Shida iko katika wingi wake. Kabla ya enzi ya viwanda, kabonidayoksaidi ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Vipimo vya kudumu vilipoanza kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa imefika 315, na leo imepita 420, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa sababu ya kukata misitu. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto lililozidi lile la 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1. Kongo imechangia sehemu ndogo sana ya moshi huo wa makaa ya mawe na mafuta, na ni haki ya walimaji wetu kulisema hilo waziwazi.

Nyuzi moja huonekana kuwa kitu kidogo. Hata hivyo, kila hewa inapopata nyuzi moja zaidi, huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukigeuka kuwa mvua, mvua hiyo huanguka nzito zaidi. Hewa hiyohiyo, siku zisizo na mvua, huyanyonya maji ya udongo na ya majani kwa kasi kubwa kuliko zamani. Ndiyo maana mafuriko na ukame huzidi pamoja, tena katika msimu mmoja, bila kupingana. Jambo la tatu linatuhusu sisi watu wa milimani: joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi kila mtu anapopanda mita 100, hivyo ongezeko la nyuzi moja ni sawa na kuliteremsha shamba zima kwa mita 150 au zaidi. Kahawa ya arabika iliyo karibu na Ziwa Kivu, ambalo liko kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, haina nafasi kubwa ya kuvumilia mteremko wa namna hiyo, kwa kuwa hupenda ubaridi wa wastani, na joto likizidi, ugonjwa wa kutu ya majani husambaa kwa urahisi zaidi.

Tarehe 4 Mei 2023 maji na matope yalivizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, na zaidi ya watu 400 walipoteza maisha. Tukio moja halitoshi kuthibitisha mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu hayo hupimwa kwa miaka mingi, na pale Kalehe ukali wa mteremko na makazi yaliyo kando ya mito vilichangia pia. Lakini mvua nzito inapokutana na mlima uliovuliwa miti na majani, hatari huongezeka, na sehemu ya hatari hiyo iko mikononi mwetu.

Tuhesabu maji kwanza. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Shamba la mita 20 kwa 25 likinyeshewa milimita 50 kwa alasiri moja hupokea lita 25,000, na kwenye udongo mtupu wenye mteremko sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia bondeni ikiwa imebeba udongo mweusi wa juu, ambao ndio chakula cha mazao. Kila kikundi cha walimaji kingefaa kuwa na kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekwe mahali pa wazi, na mtu mmoja apime kwa rula kila asubuhi na kuandika katika daftari.

Mitaro ya kuzuia mmomonyoko ichimbwe kwa kufuata mstari ulio sawa, kamwe isishuke na mteremko. Mstari huo hupatikana kwa fremu ya miti yenye umbo la herufi A: miti miwili ya mita 2 hufungwa pamoja juu, mti wa tatu hukatiza katikati, na kamba yenye jiwe huning'inia kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kisha badilisha nafasi za miguu na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tembea na fremu kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine ukichomeka vijiti, kisha chimba mtaro wa sentimita 50 kwenda chini na 50 kwa upana. Acha vizingiti vya udongo ndani yake kila baada ya mita chache, ili maji yatulie na kuzama badala ya kutiririka upande mmoja na kuubomoa. Mtaro unaofuata uwekwe pale ambapo mteremko umeshuka kwa kimo cha mtu mzima. Mlima ukiwa mkali, mitaro itakaribiana.

Udongo uliochimbwa utupwe upande wa juu, na juu ya tuta hilo ipandwe kwa kupishana mistari miwili ya setaria au tripsakamu, ambazo ni nyasi za malisho. Mizizi hushika tuta, na majani yakikatwa hulisha mbuzi na ng'ombe, ambao samadi yao hurudi shambani. Mtaro usio na majani hufukiwa haraka, na nimeona mingi ikiachwa hivyo baada ya mradi kuondoka.

Onyo moja ni zito. Mitaro ya kuzamisha maji haifai kwenye mteremko unaoteleza wenyewe, kama ule wa Funu mjini Bukavu, kwa kuwa maji yanayozama huulemeza udongo na kuurahisishia kuporomoka. Ukiona nyufa ndefu ardhini, miti iliyoinama pamoja au chemchemi mpya, usichimbe mtaro wala usijenge hapo. Yaelekeze maji mbali na hapo, kisha panda miti.

Kuhusu kupanda, mvua ya kwanza ya Septemba isikuharakishe. Chimba kwa jembe, na unyevu usipofika kina cha kiganja cha mkono, subiri. Gawa mbegu ya maharagwe mafungu mawili na upande la pili baada ya siku kumi hivi, ili ukame mfupi usiyakute yote katika maua. Maharagwe marefu yanayotambaa juu ya vijiti huzaa zaidi penye shamba dogo lakini hukaa muda mrefu, kwa hiyo sehemu ya shamba ipewe maharagwe mafupi yanayokomaa mapema. Funika udongo kwa majani ya migomba na nyasi, wala usichome mabaki mwezi wa Julai na Agosti, kwani moto humaliza mboji inayoshika maji na huuacha udongo uchi mbele ya mvua ya kwanza.

Kazi ya kuchimba mitaro ifanywe mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, udongo ukiwa bado laini, na majani yapandwe mvua zikirudi. Mwezi wa Januari, kabla ya msimu wa pili, toa matope yaliyojaa mtaroni na uyatandaze upande wa juu wa shamba yalikotoka.