SOMO: Kusafisha filamu za shiti (inchi 4x5) na kuchapa picha bafuni kwako, kwa joto letu hili la Unguja

Assalaam aleykum wanajamii. Nimeamua kuliandika hili mara moja nimalize, maana ujumbe unaonijia ni ule ule, maalim negativu zangu zimetoka nyeusi tii, maalim filamu imechubuka, maalim maji yawe digrii ngapi. Kuanzia leo anaeniuliza namleta hapa, asome mpaka mwisho kisha ndio aulize.

Nazungumzia kamera kubwa, zile za kusimamisha kwenye miguu mitatu, unajifunika shuka jeusi, unatazama kioo cha nyuma na picha unaiona kichwa chini. Filamu yake ni shiti moja moja. Mashine ya kukuzia huihitaji, negativu yenyewe ni kubwa, unailaza juu ya karatasi, unawasha taa, picha inatoka saizi ile ile. Ukiishika mkononi utaona kila msumari wa shaba kwenye mlango na kila ufa wa chokaa ukutani, ndio maana mimi siiachi kazi hii.

Vitu: trei nne za plastiki, beseni moja kubwa ambalo trei inaingia ndani yake, kipimajoto, kioo kizito cha kawaida (sema milimita 5 au 6), globu nyekundu, globu nyeupe ndogo, saa inayohesabu sekunde, dawa. Kipimajoto cha homa hakifai, kile kinaanzia 35 huko, chukua cha jikoni kinachopima vya baridi pia.

1. Giza. Fanya kazi usiku baada ya Isha, nusu ya tabu ya dirisha imeondoka. Ziba chini ya mlango kwa taulo. Kaa ndani dakika tano taa zimezimwa, ukiona mkono wako bado hujaziba vizuri. Simu ibaki nje, sio mfukoni, nje.

2. Kupakia holda, lile kasha bapa linaloshika shiti nyuma ya kamera. Ukiishika shiti kwa wima na vile vikato vya pembeni viko juu kulia, upande wenye dawa (ule unaopokea picha) unakutazama wewe. Kile kibao cha kuchomeka kinachofunika filamu kwenye holda, upande mweupe ukiwa nje maana yake filamu haijapigwa, mweusi ukiwa nje imeshapigwa. Filamu ikitoka kwenye friji usifungue boksi siku hiyo hiyo kwa papara, iache ipate joto la chumba masaa kadhaa kwanza, kwa unyevu wetu huu umande unaganda juu yake na doa lake halitoki.

3. Taa nyekundu ni ya KARATASI. FP4 na HP5 (filamu za Ilford za nyeusi na nyeupe) zinaona rangi zote na nyekundu pia zinaiona, kwa hivyo filamu ni giza totoro mwanzo mpaka mwisho. Filamu za otho (zisizoiona nyekundu) tu ndio zinastahamili taa nyekundu.

4. Kuchanganya dawa. Fuata chupa. Developa ndiyo dawa inayotoa picha, kwa filamu mimi natumia D-76 kwa maji nusu kwa nusu, nikikosa basi ID-11, zinafanya kazi sawa. Stopu, ya kuisimamisha developa, ni siki nyeupe ya dukani, kikombe kimoja kwa vitatu vya maji. Fiksa, ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga, ni ile ya haraka, moja kwa nne za maji.

5. JOTO. Hapa tulia usome polepole, maana hapa ndipo filamu nyingi za kisiwa hiki zinapofia. Nyakati zote zilizoandikwa kwenye maboksi zimepimwa kwa maji ya digrii 20. Maji yetu ya mfereji wakati wa kaskazi yanakuja 28, 29, tangi likiwa juu ya bati ndio usiseme. Mtu anasoma boksi limeandikwa dakika 11 anatia dakika 11, filamu inatoka nyeusi tii, analaumu kamera. Dawa ikipata joto inakimbia. Kanuni ni kwamba kila digrii moja juu ya 20 unapunguza sehemu moja ya kumi ya muda uliobaki. FP4 kwenye D-76 ya nusu kwa nusu ni dakika 11 kwa digrii 20, ukifika 24 inakuwa dakika 7 na robo hivi. HP5 kwenye ID-11 ya nusu kwa nusu ni dakika 13, kwa 24 inakuwa 8 na nusu. Ukiendelea mpaka 28 FP4 inashuka chini ya dakika 5, na chini ya dakika 5 usijaribu, dawa haiwahi kuenea sawasawa, mbingu inatoka na mawimbi.

Kwa hivyo lengo letu ni 24. Usijitese kuitafuta 20 ukafilisika kwa barafu. Sasa onyo, na hili narudia kwa herufi kubwa: TREI ZOTE ZIWE NA JOTO MOJA. Developa, stopu, fiksa na maji ya kuoshea, zote. Watu wanapoza developa peke yake, halafu fiksa ya 29, halafu wanasuuza kwa maji ya chupa yaliyotoka kwenye friji. Ile dawa juu ya filamu ni gelatini, kwenye vuguvugu inavimba na kulainika, ukiipiga baridi ghafla inajikunja na negativu nzima inapasuka mistari midogo kama wavu wa dagaa. Hiyo hairudi tena. Filamu za siku hizi zinavumilia zaidi kuliko za zamani lakini hata isipopasuka inabaki laini, kucha ikigusa tu inachubuka. Na barafu USITIE ndani ya dawa, unaizimua na hujui tena umezimua kiasi gani. Jaza chupa za plastiki maji, zigandishe, zielee kwenye beseni, trei ya dawa ikae ndani ya beseni hilo. Pima kwenye dawa sio kwenye beseni. Feni uizime ukianza, inaleta vumbi.

6. Kusafisha filamu. Maji matupu dakika moja kwanza ilowe, kisha developa, upande wa dawa ukiangalia juu. Yumbisha trei sekunde 10 mwanzo wa kila dakika, taratibu. Anaeanza aende na shiti moja moja. Wanaotia nne kwa pamoja na kuzichanganya mkononi gizani ndio hao wanaonitumia picha za michubuko, kona ya shiti moja inakwangua mgongo wa mwenzake. Stopu nusu dakika, fiksa dakika 4, osha dakika 10.

7. Ning'iniza kwa kona moja bafuni, mlango umefungwa. Usifute kwa kitambaa.

8. Kuchapa. Washa nyekundu. Karatasi upande unaong'aa juu, negativu upande wake uliofifia uangalie chini, dawa kwa dawa, kioo juu. Ukigeuza picha inatoka kushoto kulia na inakuwa na ukungu. Globu nyeupe ndogo iwe juu kama mita moja na nusu. Karatasi ya majaribio kwanza, funika kwa kadibodi na uisogeze kila sekunde mbili, uone sekunde 2, 4, 6, 8. Kama hata sekunde 2 ni nyeusi, zungushia globu karatasi nyeupe (globu iwe ya LED, ile isiyochemka) au ipandishe, usikimbilie kutoa karatasi mapema kwenye developa. Karatasi inakaa dakika nzima kwenye developa ya karatasi, kila mara, ndio utajua kosa liko kwenye mwanga. Stopu, fiksa dakika moja, osha dakika mbili kwa zile karatasi za plastiki. Za fiba (zisizo na plastiki) ni saa nzima, anza na plastiki.

Basi. Maswali karibuni.

---

kijana_wa_kikwajuni: Shukran maalim. Sasa nikitia vipande vya barafu kwenye developa si inapoa haraka zaidi?

Mwandishi: Namba 5. Soma tena.

kijana_wa_kikwajuni: Nimeona. Nilikuwa naruka ruka.

Dj_Fuoni: bei gani vyote na nani anauza hapa mjini

Mwandishi: Trei na beseni Darajani. Siki dukani popote. Filamu, karatasi na dawa hutopata dukani hapa, tunaagizia kwa anaesafiri au tunaagiza nje. Bei inabadilika kila mara, siandiki namba halafu kesho unidai.

mwana_wete: Maalim sie huku Pemba tunatumia kisima, maji mazito, sabuni haitoi povu. Negativu zikikauka zinabaki na madoa meupe ya mviringo. Nimeosha tena doa halitoki lote. Tatizo kisima?

Mwandishi: Mashaallah swali zuri. Ndio, maji yanapita kwenye jiwe la matumbawe yanachukua chokaa, tone likikauka chokaa inabaki. Dawa changanyia hayo hayo ukikosa mengine, ila suuza ya mwisho kabisa fanya kwa maji ya mvua uliyoyachuja kwa kitambaa safi, masika hii jaza madumu. Au maji ya betri, na hapa tahadhari, hakikisha ni yale matupu ya kuongezea, maana kuna wauzaji wakikwambia maji ya betri wanakupa asidi. Soma chupa, isiyo na maandishi iache. Doa lililobaki lidumbukize kwenye ile stopu ya siki dakika mbili kisha suuza kwa mvua, chokaa inayeyuka kwenye siki. Jaribu kwa negativu isiyo na thamani kwanza.

mwana_wete: Nimejaribu leo, limetoka kwenye tatu, moja limegoma.

Mwandishi: Hiyo iliyogoma huenda gelatini yenyewe imekauka vibaya pale, sio chokaa. Chapa hivyo hivyo, kama doa liko mbinguni utaligusa kwa rangi ya maji na brashi ndogo kwenye karatasi.

binti_malindi: Hii globu nyekundu nimenunua ya LED ya mapambo ya harusi, itafaa?

Mwandishi: Inaweza, nyengine zinavujisha rangi ambazo jicho halizioni. Ipime hivi: gizani ipe karatasi mwanga mweupe kidogo sana, kiasi cha kutoa kijivu hafifu ikisafishwa. Kisha weka sarafu juu yake chini ya globu nyekundu dakika 5, safisha. Ukiona duara la sarafu, globu haifai. Watu wanapima kwa karatasi tupu wanasema iko salama, lakini karatasi tupu inameza mwanga kidogo bila kuonesha, ukishaipa kijivu ndio inasema ukweli.

binti_malindi: Duara limeonekana 😔

Mwandishi: Pole. Usiitupe, isogeze mbali na uigeuze iangalie ukuta, pima tena.

mtu_wa_mtoni: kwani kuna haja gani ya mateso yote haya wakati simu inapiga na kuweka bleki end waiti sekunde moja

Mwandishi: Simu piga, hakuna aliekukataza. Mimi nina negativu mkononi ambayo haihitaji nywila wala chaji, mjukuu wangu ataiweka kwenye karatasi na kuwasha taa. Somo ni la wanaotaka hilo.

maalim_s_chake: Nauliza kwa kutaka kujua tu, studio za zamani hazikuwa na friji kila moja, walikuwa wanafanyaje na joto hili hili?

Mwandishi: Ahsante, hili nilitaka mtu aulize. Upigaji picha mjini hapa una zaidi ya miaka mia, wameanza na vioo kabla ya filamu, na Capital Art Studio imefunguliwa 1930. Njia moja iliyokuwa ikijulikana kwa nchi za joto ni kutia sodiamu salfeti kwenye developa, inazuia gelatini isivimbe. Kodak walikuwa na fomula yao ya nchi za joto, DK-15, ndani yake ina hiyo. Angalia sana, ni salfeti, sio salfaiti ambayo ipo karibu kwenye kila developa. Na walikuwa na fiksa yenye alumu ya kukaza gelatini. Ukiweza kuipata fiksa ya kukaza, kwa miezi ya kaskazi itumie, ila kuosha kunachukua muda zaidi.

maalim_s_chake: Na fiksa iliyokwisha mnamwaga wapi? Karo letu liko hatua chache kutoka kisimani.

Mwandishi: Usimwage hapo. Fiksa iliyotumika ina fedha, fedha yenyewe ile ya pete. Itie kwenye ndoo ya plastiki, tia stilwaya ya kusugulia masufuria, ile inayoshika kutu, sio ile isiyoshika kutu, acha siku mbili tatu. Chuma kinayeyuka na fedha inashuka chini, tope jeusi. Hata hivyo yaliyobaki usipeleke karibu na kisima, ardhi yetu ni jiwe lenye matundu, kinachoingia juu kinatokea chini. Na utajua imekwisha kwa kipande cha filamu, tia kwenye fiksa mpya uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Fiksa unayoitumia ikichukua mara mbili ya hizo, imekwisha.

kijana_wa_kikwajuni: maalim na maji yakikatika katikati ya kuosha?

Mwandishi: Hilo swali la maana. Weka ndoo mbili pembeni KABLA ya kuanza, zina joto la chumba, zikoroge na chupa za barafu zifike 24. Huhitaji maji yanayotiririka, badilisha maji ya trei mara sita, kila maji dakika mbili.

binti_malindi: La mwisho, nikipiga nyumba za Mji Mkongwe kwenye vichochoro ghorofa zinaegemeana juu, na nikisogea karibu kupiga nakshi za mlango negativu inakuwa nyepesi ingawa nimepima mwanga vizuri.

Mwandishi: Mawili tofauti hayo. La kwanza, usiiinamishe kamera kutazama juu. Nyuma ya kamera iache wima kabisa, pima kwa pimamaji, kisha pandisha ubao wa lenzi peke yake mpaka paa liingie. Ukiona kona za kioo zimekuwa nyeusi lenzi imefika mwisho wake, shusha kidogo.

La pili, ukisogea karibu unavuta mvukuto, lenzi inakwenda mbali na filamu, na mwanga unapungua njiani, kipimo chako hakijui hilo. Chukua rula, pima kutoka ubao wa lenzi mpaka kioo cha nyuma. Lenzi ya milimita 150 ukiivuta mpaka 210 fungua stopu moja zaidi (hapa stopu sio ile siki, ni hatua ya mwanga, kila moja inaongeza mwanga mara mbili), ukifika 300 ni stopu mbili. Andika kwenye plasta uibandike ubavuni mwa kamera.

binti_malindi: Nimepima ile ya mlango, ilikuwa 260.

Mwandishi: Stopu moja na nusu na kidogo. Irudie asubuhi jua halijaingia kichochoroni.