Kubadilisha leseni ya udereva ukihamia nchi nyingine

Hesabu muda tangu siku unapokuwa mkazi. Ujerumani, leseni ya nje ya Ulaya hutumika miezi 6. Uingereza, miezi 12. Ukipitisha hapo, usiendeshe.

Kabla ya kuhama, omba mamlaka iliyokupa leseni barua ya uthibitisho yenye madaraja ya magari na tarehe ya kwanza kupewa leseni. Usiidharau barua hii: leseni iliyohuishwa inaweza kuonyesha tarehe mpya tu, ukaonekana dereva mpya asiye na uzoefu.

Jina lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kibali cha kimataifa cha udereva ni tafsiri tu ya leseni yako, hakibadilishwi kuwa leseni ya huko. Leseni ya zamani kwa kawaida huchukuliwa, hivyo toa nakala pande zote mbili. Pasipokuwa na makubaliano ya kubadilisha leseni baina ya nchi yako na unayohamia, jiandae kwa mitihani: nadharia, kisha barabarani.