Lenzi ya kuagiza: mwambie muuzaji afungeje

Ukiagiza kamera Dar ije Mtwara kwa basi, elewana na muuzaji kabla hujalipa. Lenzi aitoe kwenye kamera na kila kimoja kivishwe kifuniko chake. Zikibaki zimeungana, kishindo kimoja kwenye buti kinaweza kupinda maunti, pale zinaposhikana. Boksi la dukani liingie ndani ya boksi jingine gumu, pande zote sita zijazwe sponji au plastiki ya mapovu, unene wa sentimita 5 hivi. Magazeti hapana: yanashindiliwa njiani, nafasi inabaki. Akilitikisa kukacheza kitu, afunge upya. Stika ya "kioo" usiitegemee sana, utingo anashusha mizigo usiku. Ukifika kuchukua, rekodi video ukifungua, ndipo usaini.