Namna ya kupanga wiki ya fundi cherehani ili ahadi zitimie na jioni ibaki yako

Nashona nguo za kike Ngamiani, Tanga. Kwa miaka mingi kila mteja nilimwambia "njoo Ijumaa". Alhamisi ikifika nashona mpaka usiku wa manane, wanangu wanalala hawajaniona. Kisha asubuhi moja mteja akalia mlangoni pangu: sendofu ya mdogo wake ni siku hiyo, na gauni lake bado vipande. Nilikuwa nafanya kazi kwa bidii, lakini natoa ahadi bila kujua nina saa ngapi. Utaratibu ulionitoa huko unahitaji daftari na kalamu tu.

Hatua ya 1: Pima saa zako

Wiki ya kwanza usibadili chochote. Ukianza nguo, andika saa. Ukiiacha, andika saa. Andika na kilichokusimamisha: zipu imeisha, umeme umekatika, mteja kaja kuulizia yake. Mimi niliamini gauni la kitenge lenye bitana ni kazi ya saa tatu. Daftari likaonyesha saa sita, maana kukata, kupiga pasi, kujaribisha na kurekebisha sikuwa navihesabu kabisa. Sketi ya kawaida ikatoka saa mbili.

Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka. Wanakimbilia kuchora ratiba nzuri ya rangi mbili, na wiki ya pili imeshakufa. Kupanga saa usizozijua ni sawa na kumkatia gauni mtu ambaye hujampima.

Hatua ya 2: Toa kwanza saa za nyumbani

Kabla ya kuandika kazi hata moja, andika vitu ambavyo hutaki kazi ivile. Kwangu: nafunga saa 11 jioni, na Jumapili ni ya mama yangu na watoto. Jumamosi napokea wateja, nachukua vipimo na kukabidhi nguo. Zimebaki siku tano. Duka liko wazi kuanzia saa 2 asubuhi, lakini kukaa kwenye cherehani hasa ni saa sita kwa siku, yaani 30 kwa wiki.

Kati ya hizo 30, naahidi 24 tu. Sita zilizobaki ni za umeme, marekebisho na msiba wa jirani. Wiki yasipotokea hayo, namalizia kazi mapema na kwenda nyumbani.

Hatua ya 3: Daftari lifuate wiki

Wengi wetu tunaandika jina, vipimo na kianzio. Hilo linakuonyesha unadaiwa na nani, halikuonyeshi utashona lini. Ipe kila wiki ukurasa wake. Kila nguo iwe na mstari: jina, aina ya nguo, saa zake, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua. Pembeni jumlisha saa. Magauni matatu ya bitana ni 18, sketi tatu ni 6, 24 zimetimia. Piga mstari chini, ukurasa umefungwa. Anayefuata anaandikwa wiki inayofuata, hata akiwa shoga yako.

Kurasa za misimu ziwekee alama mapema. Sare za shule zinakuja na Januari, hilo halibadiliki. Idi inabadilika: kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 10 au 11. Idi el-Fitri ya 2024 tulisali Aprili 10, ya 2025 Machi 31. Usitegemee ukurasa wa mwaka jana. Mimi nguo za Idi napokea mpaka mwezi 15 wa Ramadhani, basi.

Hatua ya 4: Taja siku ya kweli

"Fundi, naitaka Ijumaa hii."

"Dada yangu, wiki hii imejaa. Njoo ujaribu Jumanne ya wiki ijayo, Jumamosi uchukue."

Nyamaza hapo. Ukianza kujieleza sana, utajikuta umekubali. Wapo watakaoondoka na kitambaa chao, na inauma, hasa mwezi wa kodi. Akiwa na dharura ya kweli, mpe zile saa sita za akiba kwa bei ya juu, lakini usimpe usiku wako.

Hatua ya 5: Kusanya kazi zinazofanana

Kata nguo zote za wiki Jumatatu. Shona za uzi mweusi pamoja. Pasi iwashwe mara moja kwa siku. Hata LUKU itakaa.

Ukianza ukiwa na viporo

Karibu kila fundi anaanza hivi. Toa nguo zote ulizokwisha kuahidi, zihesabu, zipange kuanzia iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Kisha gawa saa zako 24: 12 za viporo, 12 za kazi mpya. Mpigie simu kila mwenye kiporo kabla hajakupigia yeye, umwombe radhi na umpe siku mpya iliyokwisha kuandikwa daftarini. Usimpe siku kwa kukisia ati kwa kuwa amekasirika. Mimi nilikuwa na viporo 19. Vilinichukua wiki sita, na cha mwisho kilitoka Jumamosi, saa 10 jioni.