Jeraha lenye mdomo mdogo: namna ya kuzuia na kutambua pepopunda

Wengi huogopa msumari wenye kutu. Kutu yenyewe haina pepopunda. Ugonjwa huu huletwa na bakteria iitwayo Clostridium tetani, na mbegu zake zimejaa kwenye udongo, vumbi na mavi ya wanyama: ng'ombe, farasi na hata huyo punda aliyemo kwenye jina. Msumari ni hatari kwa sababu huzama, hupeleka udongo chini, kisha ngozi hujifunga juu yake. Bakteria hii haistawi penye hewa. Huko ndani, kwenye nyama iliyopondeka isiyofikiwa na oksijeni, mbegu huamka na kutoa sumu inayopanda kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo. Ikifika huko huzuia amri inayoiambia misuli ilegee, nayo hukaza bila kuachia.

Kwa hivyo usipime hatari kwa wingi wa damu. Panga ikimkata mkata miwa wa Mumias au Muhoroni, kila mtu hushtuka naye hupelekwa hospitali. Linalopuuzwa ni tundu: kisiki cha muwa kilichopenya ndala, ndoano iliyomchoma mvuvi wa Dunga, jino la jembe uma lililoingia mguuni kwenye zizi, mwiba wa waridi, funza. Mtu hufuta damu, hurudi kazini, na baada ya siku mbili tatu amesahau.

Osha mara moja, na osha kweli

Nawa mikono yako kwanza. Kisha weka jeraha chini ya maji safi yanayotiririka, ya mfereji au ya kumiminwa kwa jagi, kwa sabuni ya kipande, dakika 10 hadi 15. Kama ni kuumwa na mbwa, dakika 15 zisipungue, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Mbegu za pepopunda hazifi kwa sabuni, wala kuchemsha kwa kawaida hakuziui kwa uhakika. Kinachosaidia ni maji kuzikokota nje pamoja na udongo. Ndiyo maana muda na wingi wa maji vina maana kuliko dawa kali. Usimimine Jik wala spiriti ndani ya kidonda: huunguza nyama, na nyama iliyokufa ndiyo makao yanayotafutwa na bakteria hii.

Toa uchafu unaoonekana juu. Kipande kilichozama kiache kitolewe kliniki, usichokonoe kwa pini. Funika kwa kitambaa safi kikavu. Tundu lenye udongo usilizibe kwa gundi wala plasta isiyopitisha hewa.

Majivu, samadi, udongo, kahawa, mafuta ya taa: hakuna hata kimoja kinachostahili kuwekwa kwenye kidonda. Samadi na udongo ni kupanda mbegu zenyewe.

Sindano siku hiyo hiyo

Nenda zahanati au hospitali na useme lini ulidungwa chanjo ya pepopunda mara ya mwisho na jumla ni mara ngapi. Kama umewahi kupata dozi 3 au zaidi, jeraha dogo safi litahitaji nyongeza iwapo miaka 10 imepita. Jeraha chafu, la kina au la kupondeka, iwapo miaka 5 imepita. Kama hukumbuki, au hukufikisha 3, chukulia huna kinga. Utaanza chanjo siku hiyo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Hapa ndipo wengi huteleza: hupata moja na kuhesabu kazi imekwisha. Kwa asiyewahi kuchanjwa, dozi ya kwanza haiwahi kulinda jeraha la leo, kwa hiyo jeraha likiwa chafu ulizia pia kingamwili ya pepopunda (sindano ya kinga iliyo tayari, si chanjo), kwa kawaida uniti 250, ambayo hufanya kazi mara moja.

Ukichelewa siku kadhaa, bado nenda. Ukinunua kwa duka la dawa, chanjo itoke kwenye friji: hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, na ikigandishwa huharibika.

Wanaume ndio walioachwa nyuma. Watoto hupata chanjo wiki ya 6, 10 na 14, na mama mjamzito hudungwa kliniki, lakini mwanamume mzima hana siku yake mpaka aumie. Anayelima, kuchomelea vyuma au kubeba mawe asingoje jeraha. Vijana wa Bungoma watakaotahiriwa Agosti ya mwaka shufwa wamalize chanjo mapema, hasa kwa kuwa mwili hupakwa tope kabla ya kisu. Kupitisha kisu kwenye moto hakutoshi.

Mtoto mchanga

Kitovu ni jeraha. Kikatwe kwa wembe mpya au chombo kilichotakaswa, kipakwe jeli ya klorheksidini ya kitovu inayotolewa kliniki, na kisiguswe na mate, majivu wala samadi. Mtoto aliyenyonya vizuri siku 2 za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya na mwili ukakakamaa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Dalili

Huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, mara nyingi karibu siku ya 8, wakati kidonda chenyewe huenda kimepona. Taya hugoma kufunguka. Shingo hukaza, kumeza huwa shida, tumbo huwa gumu kama ubao. Kisha mishtuko ya misuli huja kwa kelele, mwanga au kuguswa tu, na mgongo hupinda kama upinde. Tofauti kubwa na kifafa au malaria kali ni kwamba mgonjwa yuko macho na anaelewa kila kitu. Asiambiwe ana mapepo, na asicheleweshwe kwa mganga.

Usimlazimishe kufungua mdomo wala kumpa chakula au maji. Yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu mahali penye giza na utulivu, msafirishe bila kelele. Mpeleke moja kwa moja hospitali kubwa ya rufaa, kama ya Kisumu, Kakamega au Nakuru, kwa sababu misuli ya kupumua ikikaza atahitaji mashine. Hakuambukizi, hivyo mshike bila hofu.

Matibabu huchukua wiki kadhaa. Na aliyepona hajapata kinga: sumu inayomfanya mtu augue ni kidogo mno kuufundisha mwili. Achanjwe akiwa bado wodini, na tarehe ya dozi ya pili iandikwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.