Jinsi ya kuangalia muvi za Kimalayalam na ukaiona Kerala yenyewe

Kama umezoea muvi za Kihindi za Mumbai, za kuimba milimani na steringi kuangusha kijiji kizima, hizi za Kerala, jimbo la kusini mwa India wanakoongea Kimalayalam, zina mwendo wake, usizipime kwa zile. Kwanza tafuta yenye Kimalayalam chake na maandishi chini, achana na za kutafsiriwa, maana huko lafudhi ndo inakwambia mtu katokea wapi, wilaya ya Thrissur wanaongea hivi ya Malappuram vile, ukiweka sauti nyingine hiyo yote imeenda.

Anza na Sudani from Nigeria ya 2018. Mchezaji wa Nigeria kaja Malappuram kucheza ile soka yao ya watu saba saba, kaumia, meneja wake hali mbaya kifedha basi anamchukua hadi kwao na anaemuuguza ni mama mzazi wa meneja. Lugha hawaelewani kabisa!! Mwangalie yule mama wa Kiislamu na bibi jirani yake wanavyomlisha na kumuombea, mimi sijaona muvi inayomfungulia mgeni wa Kiafrika mlango wa nyumba namna ile.

Ukishazoea, anza kuangalia vitu vidogo. Wanaume wanavaa mundu, ni kama msuli wetu wa pwani, akiukunja juu ya magoti yuko kazini au anatafuta ugomvi, akiushusha ghafla ujue kuna mkubwa kapita, hiyo ni heshima. Na sini za kwenye kibanda cha chai usizirushe ukadhani porojo, Kerala walichagua serikali ya kikomunisti kwa kura mara ya kwanza 1957 na siasa watu wanabishania hapohapo gazeti mkononi.

Ya pili Pathemari ya 2015, steringi Mammootty anavuka kwa jahazi kwenda Ghuba kutafuta maisha, anatuma hela nyumbani miaka na miaka. Mwenye ndugu Oman au Dubai aandae leso.

Chemmeen ya 1965 ya wavuvi iweke baadae, ni ya zamani, ila ndo utajua imani yao kwamba mke asipotulia nyumbani Mama Bahari anammeza mume huko majini.

The Great Indian Kitchen ya 2021 angalia na mkeo au dada zako, na usipeleke mbele zile sehemu za kukatakata mboga, kuosha vyombo na bomba la sinki linalovuja, hizo ndo muvi yenyewe.