Salamu ya Asubuhi kwa Ruwa: Ibada Ndogo za Kila Siku Unazoweza Kuanza Kesho

Babu yangu aliitwa mpagani maisha yake yote na sikuwahi kumsikia akilijibu neno hilo. Alfajiri alitoka nje, akageukia jua, akatema mate kidogo mara nne, akasema sentensi moja, kisha akachukua panga kwenda kukatia ng'ombe majani. Nilikuwa na miaka kumi hivi nilipomuuliza mbona sala yake ni fupi kuliko za watu wengine. Akaniuliza, "Wewe ukinikuta asubuhi, unanisalimu kwa muda gani?"

Hilo swali ndilo mwongozo wote huu. Ninachokuonyesha hapa ni namna ya kusalimu. Maombi makubwa, tambiko la ukoo, kuchinja, hayo yana wenyewe na yana siku zake. Salamu ni ya kila mtu na ni ya kila siku.

Mimi ni Mchagga wa Kibosho, Kilimanjaro. Nimezifanya ibada hizi nyumbani kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na kwa miaka mingi sasa nazifanya Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga yenye ukuta wa jirani hatua tatu kutoka mlangoni. Wachagga wa Machame, Marangu na Rombo wana namna zao, na kama bibi yako alikufundisha tofauti na ninavyoandika, mfuate bibi yako. Kama wewe si Mchagga, nitakuambia njiani ni nini unaweza kuchukua na ni nini utafute kwa wazee wa kwenu.

Jambo moja kuhusu jina kabla hatujaanza. Ruwa ni Mungu, na katika lugha yetu neno hilo hilo ni jua. Wazungu walioandika habari zetu mwanzoni mwa karne iliyopita, akina Bruno Gutmann aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 kama mmisionari wa Kilutheri, walilishughulikia sana jambo hili. Nilivyofundishwa mimi ni kwamba jua si Ruwa, ila ni mahali ambapo macho yetu yanaweza kumwelekea. Makanisa yenyewe yanapoomba kwa Kichagga humwita Mungu Ruwa, kwa hiyo usiogope kwamba unaita kitu cha kigeni.

Hatua ya kwanza: tafuta kona na uiandae

Unahitaji mahali padogo panapopata mwanga wa asubuhi. Mlangoni, dirishani, kwenye ngazi, popote. Usinunue vitu. Mimi nina vitatu tu: kigoda cha kukalia, kata ya kunywea mbege, pombe yetu, niliyopewa na shangazi, na isale kwenye ndoo iliyotobolewa chini.

Isale ndilo lenye maana kuliko vyote. Kwa asiyelijua, ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani unaoota kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Kwetu ni mmea wa amani na wa kuomba radhi. Huota kwa kipande cha shina: kata shina lenye urefu wa mkono, liache kivulini siku moja kidonda kikauke, lichomeke kwenye udongo unaopitisha maji, mwagilia kidogo. Lakini usikate kwenye mpaka wa watu wala kwenye kaburi. Isale la mpaka limewekwa kama shahidi kati ya jirani na jirani. Nenda ukaombe, na ukiambiwa "chukua", sema asante kwa sauti.

Kama si Mchagga, uliza kwenu ni mti gani ulioshika nafasi hiyo. Karibu kila mahali upo. Wakikuyu wana mugumo, na wazee wao walisali chini yake wakiuelekea mlima Kirinyaga. Mti wa kwenu utakufaa zaidi kuliko isale la kuazima.

Hatua ya pili: salamu ya alfajiri

Amka kabla jua halijachomoza. Dar huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu hivi, kutegemea mwezi. Usishike simu. Hili nalikazia kwa sababu nimelijaribu kwa namna zote mbili: ukishaona ujumbe mmoja wa deni au wa kazini, utakwenda mbele ya Ruwa ukiwa umebeba watu ishirini.

Sukutua mdomo, nawa uso. Toka nje, simama miguu wazi juu ya ardhi kama ardhi ipo, na kama ni saruji, sawa. Geukia mashariki. Kisha tema mate kuelekea jua mara nne, taratibu, ukiacha pumzi moja kati ya tema na tema. Usikohoe, usiteme kama mtu anayetupa uchafu. Ni mate mepesi ya ncha ya ulimi, karibu na kupuliza.

Najua msomaji wa mjini hapa atashtuka, maana mjini kumtemea mtu mate ni tusi. Kwetu mate ni baraka, na kwa majirani zetu Wamasai vilevile: mzee humtemea mtoto mate kumbariki. Bibi alinieleza hivi: neno ni upepo, linapotea, lakini mate yametoka mahali palepale neno lilipotoka, na ni maji yako mwenyewe. Unatoa neno pamoja na kitu cha mwili wako ili lisiende mikono mitupu. Ukiwa mahali pa watu, puliza tu mara nne. Mimi hufanya hivyo siku ambazo mama wa jirani anafagia uwanja, kwa kuwa sitaki salamu yangu kwa Ruwa iwe dharau kwake.

Baada ya mara ya nne, sema sentensi moja tu. Niliyorithi ni hii: "Ee Ruwa, nilinde mimi na walio wangu." Isemwe kwa sauti inayosikika na masikio yako. Halafu nyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Ulimi unataka kuongeza: na kazi, na ada ya shule, na yule mpangaji. Uzuie. Ukimsalimu mzee na papo hapo ukaanza kumdai, atajua ulikuja kwa jambo gani. Mahitaji yako yana siku yake, na siku hiyo utakaa na wazee wa ukoo. Asubuhi unasalimu.

Ukimaliza sema "Aika", yaani asante, uingie ndani. Yote haya hayazidi dakika tatu.

Hatua ya tatu: kufuata maji

Hii si ya babu. Ni tafakuri niliyoitunga mwenyewe kutokana na kitu alichonifundisha, na ndiyo iliyonibadilisha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kilimanjaro wazee walichimba mifongo, mifereji inayotoa maji kwenye mito ya juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye kihamba cha kila mtu. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na zamu zake. Nilipokuwa mdogo, maji yakikatika, babu alinichukua tukapanda kuufuata mfongo kutoka kwenye migomba yetu kwenda juu, tukitafuta pameziba wapi. Tulipita kwa majirani, tukavuka barabara, tukaingia kwenye kiza cha miti mikubwa. Tulipofika maji yanapotokea aliketi, akanywa kwa kiganja, akakaa kimya muda mrefu.

Sasa fanya hivi. Kaa kwenye kigoda, mgongo wima, mikono magotini. Vuta pumzi nne za taratibu. Funga macho, anza na kitu kilicho mbele yako chenye maji: kikombe cha chai, jani la isale, mate yako mdomoni. Jiulize maji haya yametoka wapi, halafu yafuate nyuma. Kutoka kikombeni kwenda kwenye ndoo, kwenye bomba, kwenye mto, kwenye bonde, kwenye msitu. Usiruke. Kila mahali tua kwa pumzi moja uone nani yupo hapo: mwanamke anayefua, mtu anayezibua mtaro, ng'ombe anayekunywa. Ukifika msituni, sikiliza matone.

Watu wengi hudhani safari hii inaishia kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895. Kumbe maji mengi ya mlima hutokana na mvua inayonyesha msituni na ukungu unaonaswa na miti. Mchango wa barafu ni mdogo. Nilipolijua hilo nilibadilisha tafakuri yangu. Sasa nafika msituni na kutua pale, chini ya mti, na hapo ndipo ninapohisi nimekaa karibu na Ruwa. Kisha nanyanyua macho kuitazama barafu, ambayo kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa asilimia 85 hivi, na ninaisikitikia kama mtu anavyomsikitikia mzee mgonjwa. Huzuni nayo ni ibada. Usiifukuze.

Kaa pale pumzi arobaini. Ukipotea kwenye mawazo, rudi kwenye sehemu ya mwisho ya maji unayoikumbuka, usirudi mwanzo. Halafu shuka na maji hadi kikombeni, fungua macho, unywe.

Mwanzoni itakuchukua dakika ishirini na utasinzia. Baada ya mwezi itakuchukua kumi. Nyumba isiyo na faragha haikuzuii. Mimi nimeifanya ndani ya daladala kutoka Mbezi, nimesimama.

Hatua ya nne: tone la jioni

Jioni ni ya wafu wetu. Kabla ya kunywa chochote, mwaga tone chini. Mbege ndiyo kinywaji chenyewe, ile ya ndizi na ulezi, lakini maziwa yanafaa, maji safi yanafaa, hata uji. Usimwage kilichobaki baada ya wewe kushiba. Ardhi inatangulia, wewe unafuata. Kwenye nyumba yenye vigae, mwagia kwenye ndoo ya isale.

Ukimwaga, taja majina. Anza na aliyekufa karibuni, upande wa baba na upande wa mama, halafu panda juu: babu na bibi, baba yao, mama yao. Jina moja, pumzi moja. "Huyu ni wako, babu. Karibu." Basi.

John Mbiti, msomi wa Kenya aliyeandika sana juu ya dini za Afrika, alitumia maneno yetu mawili ya Kiswahili kueleza jambo hili: sasa na zamani. Aliyekufa lakini bado wapo wanaomkumbuka kwa jina, huyo yumo ndani ya sasa. Akishafariki wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama kwenye zamani. Nilipolisoma hilo niliona aibu, kwa sababu upande wa mama yangu nilikuwa najua majina mawili tu. Nilimpigia simu mama mkubwa, tukazungumza saa nzima, nikapata sita. Kwa hiyo kama orodha yako ni fupi, kazi yako ya wiki hii ni simu hiyo. Piga kabla ya mwenye majina hajaondoka nayo.

Hatua ya tano: jani la usiku

Kabla ya kulala shika jani la isale kati ya vidole viwili ujiulize: leo nimemkosea nani? Mara nyingi jibu linakuja haraka. Kesho yake nenda ukaombe radhi. Kosa likiwa kubwa, chukua jani, lifunge fundo, umpelekee. Kwetu anayeletewa isale akakataa kusamehe ameshika jambo zito, na anayelileta bila nia ya kubadilika ameshika zito zaidi. Usilichezee. Ninaliweka usiku kwa sababu nimegundua kwamba asubuhi nikiwa na ugomvi na mtu, mate hukauka.

Mipaka

Damu usiiguse peke yako. Mbuzi wa tambiko ana mzee wake, ana mahali pake na ana sababu yake, na ukoo mzima unahusika. Moto na ubani chumbani uwe na dirisha wazi na macho yako juu yake. Mtu akikuambia salamu yako haifiki mpaka umlipe, ondoka. Niliwahi kuombwa laki tatu na mtu aliyesema atanifungulia nyota, wakati ambao nilikuwa nimepoteza kazi na ningeweza kumwamini. Nilichofanya ni kurudi Kibosho, nikakaa siku nne kwenye kihamba, nikasalimu kila asubuhi.

Wala huhitaji kugombana na mtu. Desemba nyumba zetu hujaa. Kuna watakaokwenda misa alfajiri na kuna watakaobaki kumwaga mbege, na wengi watafanya vyote viwili. Dada yangu mkubwa ni mwanakwaya. Akinikuta nimesimama uani hunisubiri nimalize, kisha ananipa kikombe cha chai.

Ukiruka siku, usilipe deni la siku zilizopita. Salimu ya leo. Mvua ikinyesha simama mlangoni. Ukiwa mgonjwa kitandani, puliza mara nne kuelekea dirishani, na kama huna nguvu ya kusema, mtu wa nyumbani akusemee. Binti yangu wa miaka mitano alinisemea hivyo mwaka jana nilipokuwa na homa. Aliikosea sentensi; alisema, "Ee Ruwa, mlinde baba na migomba yake." Tangu siku hiyo nimeiacha migomba imo.